Metallica waliuza roho? Anzeni na 1984

Wasee, niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na tangu hapo neno "umebadilika" nimelisikia mpaka nikalizoea. Labda ndiyo maana ile stori ya kwamba Metallica waliuza roho 1991 hunikera. Si ati ni uongo wote. Shida ni kwamba watu huianzia katikati.

Bendi iliundwa Los Angeles mwaka 1981. Albamu ya kwanza, Kill 'Em All, ikatoka 1983: kasi na makelele, hakuna kupumua. Mwaka uliofuata wakatoa Ride the Lightning, na ndani kulikuwa na Fade to Black, wimbo unaoanza polepole na gitaa tulivu. Mashabiki wengine wakawaka: hawa wamekuwa laini! Hiyo ni 1984, manze. Video hawakuwa nayo hata moja. Ya kwanza ilikuja 1989. Sasa waliuza nini, na nani alinunua?

1988 wakaenda upande mwingine kabisa. ...And Justice for All ina nyimbo ndefu, ngumu. Ule wenye jina la albamu unakaribia dakika kumi. Kuzicheza jukwaani kila usiku ikawachosha wenyewe. Kwa hivyo kufupisha nyimbo kulikuwa na sababu ya kimuziki.

Lakini siwatetei kwa kila kitu. Kwa albamu ya 1991, ile nyeusi, walimchukua prodyuza Bob Rock, aliyekuwa ametengeneza Dr. Feelgood ya Mötley Crüe. Walijua wanachotafuta: sauti kubwa ya kujaza uwanja. Wakaipata. Albamu ikaingia namba moja Marekani na kuuza zaidi ya nakala milioni 16 huko peke yake. Walitaka ukubwa, tusidanganyane.

Swali langu ni hili: baada ya kupata kitu kinacholipa, walikirudia? Hapana. 1996 wakaja na Load, nywele zimekatwa, gitaa zina harufu ya blues. 2003 wakatoa St. Anger, haina solo hata moja ya gitaa, na ile ngoma ndogo inalia kama sufuria. Unaweza kuzichukia zote mbili, mimi mwenyewe Load hunishinda. Lakini mtu anayefuata doo tu angetengeneza albamu nyeusi ya pili, ya tatu na ya nne.

Kutaka kusikika na watu wengi si dhambi. Kuuza roho ni kuganda pale pesa ilipokupata, hata kama wewe mwenyewe ulishaondoka moyoni.

Nasema hivi nikijiangalia. Video yangu moja ya vichekesho ilivuma mwaka jana. Nilipohamia historia ya muziki, namba zikaanguka, na kila msee ananiambia nirudie zile za kuchekesha. Kodi ya mwezi huu bado sijalipa. Kishawishi kipo, sitadanganya.

Lakini leo nimeandika hii.