Kriketi katika Pwani ya Ziwa Victoria na Timu ya Wanawake ya Tanzania

Historia ya michezo katika Afrika ya Mashariki huandikwa mara nyingi kana kwamba ni tanbihi tu ya historia ya utawala. Walakini mchezo waweza kueleza jambo ambalo nyaraka za serikali hazilisemi: nani alihesabiwa kuwa mwenye uwanja, na nani aliachwa nje ya uzio akitazama. Kriketi ni mfano ulio wazi, na pwani ya Ziwa Victoria ni mahali panapofaa kuanzia.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Pamba ya Usukuma ilipata njia ya kwenda baharini, na mji ukakua kwa biashara hiyo. Wafanyabiashara wa asili ya Kihindi walijenga maduka na viwanda vya kuchambulia pamba, pamoja na shule na vilabu vya jamii zao. Katika miji ya namna hii kriketi ilikuwa mchezo wa Waingereza na wa jamii hizo. Haikuenea kwa Wasukuma, wala sababu yake si kwamba walikosa moyo wa kushindana. Vyama vyao vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana kwa vizazi vingi baada ya mavuno, na mshindi ni yule ambaye ngoma yake imevuta watazamaji wengi zaidi. Kilichokosekana ni mlango wa kuingilia, kwa kuwa mchezo ulifungwa ndani ya klabu, na klabu ndani ya jamii.

Nchi tatu zinazopakana na ziwa, yaani Kenya, Uganda na Tanganyika, ziliunganisha wachezaji wao katika timu moja ya Afrika ya Mashariki, ambayo mwaka 1966 ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa baraza la kriketi la kimataifa. Mwaka 1975 timu hiyo ilikwenda Uingereza katika Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, chini ya nahodha Harilal Shah, ikashindwa mechi zake zote tatu. Yafaa ikumbukwe kwamba Kombe la Dunia la wanawake lilikuwa limetangulia kwa miaka miwili, mwaka 1973, huko huko Uingereza. Afrika ya Mashariki haikuwa na timu humo.

Wakati huo msingi wa mchezo katika Tanzania ulikuwa umekwisha kutikisika. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa baada ya majumba mengi ya kupangisha kutaifishwa mwaka 1971, familia nyingi za Kihindi zilihama. Mchezo uliotegemea klabu za jamii haukuweza kusimama imara jamii zenyewe zilipopungua.

Tanzania ilipata uanachama wake yenyewe katika baraza la kimataifa mwaka 2001. Ikawa lazima kuwatafuta wachezaji mahali pengine, na mahali hapo palikuwa shuleni. Timu ya wanawake ni tunda la mabadiliko hayo. Desemba 2006 ilishiriki Nairobi katika mashindano ya Afrika ya kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Tangu Julai 2018 mechi za ova ishirini za wanawake baina ya nchi wanachama zote zimehesabiwa kuwa za kimataifa kamili. Mwaka uliofuata Tanzania ilishinda mashindano ya Kwibuka mjini Kigali, na ikayashinda tena mwaka 2022. Tarehe 22 Juni 2019 ilipata mikimbio 285 dhidi ya Mali kwa kupoteza wiketi moja tu. Hesabu hiyo haina budi kusomwa kwa tahadhari, maana siku chache kabla yake Mali ilikuwa imetolewa yote na Rwanda kwa mikimbio sita. Septemba 2021, huko Gaborone, Fatuma Kibasu alipata mikimbio 127 dhidi ya Eswatini bila kutolewa.

Liko pia jambo la lugha. Kwa muda mrefu neno la Kiingereza la mwenye kushika gongo lilikuwa na neno “mwanamume” ndani yake. Ni Septemba 2021 tu ambapo klabu ya MCC ya London, iliyo mlinzi wa sheria za mchezo, ililibadili. Kiswahili hakikuhitaji mabadiliko hayo. Mpigaji, mrushaji na mlinda wiketi ni majina ya ngeli ya watu, yatokanayo na vitenzi. Hutaja kazi, hayataji jinsia. Walakini isidhaniwe kwamba sarufi huwafungulia watu milango. Neno “mpigaji” lingeweza kumtaja msichana wa Mwanza tangu zamani. Aliyekosekana ni msichana mwenyewe uwanjani.

Desemba 2023 wanawake wa Tanzania walicheza Entebbe, ng’ambo ya kaskazini ya ziwa hilo hilo, pamoja na timu saba nyingine za Afrika. Nafasi mbili za kuendelea zilichukuliwa na Zimbabwe na Uganda. Ushindi wa Uganda, jirani wa ziwa, waonyesha kwamba umbali uliobaki si mkubwa. Mchezo ulioingia pwani hii kwa reli na pamba, ukajifungia ndani ya vilabu, sasa wategemea mwalimu wa shule na kiwanja chake. Kwa mji kama Mwanza, huo ni msingi ulio mpana kuliko ule wa kwanza.