Chungu cha Akina Nyanya na Ugonjwa wa Kisukari

Kama unamtunza mgonjwa wa kisukari hapa Shinyalu, huenda umeambiwa chakula chake ni cha kizungu na cha bei ghali. Hebu tutazame historia.

Kabla ya mwaka 1922, kisukari hakikuwa na dawa ya kukituliza. Madaktari wa Ulaya na Marekani waliwapunguzia wagonjwa chakula mno ili waishi siku chache zaidi. Watoto walikonda, wakafa. Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini. Alipata nafuu, akaishi miaka 13 zaidi.

Na huku kwetu? Kabla ya mahindi kuenea enzi za ukoloni, akina nyanya walisonga ugali wa wimbi na mtama, wakaula kwa kunde, mrenda, saga na managu. Chai ya sukari na mkate mweupe vilikuja baadaye. Mboga hizo bado zinauzwa sokoni Khayega.

Basi usipike vyungu viwili. Nyumba nzima ile hivi: nusu ya sahani mboga, robo ugali, robo maharagwe au samaki. Chumvi na mafuta viwe kidogo. Ugali wa wimbi pia upimwe, kwani ukizidi hupandisha sukari.

Lakini kumbuka: chakula hakiondoi dawa. Usimwachishe mgonjwa sindano wala tembe bila kumwuliza daktari. Akitetemeka na kutoka jasho jingi, mpe upesi maji ya sukari ikiwa anaweza kumeza, kisha mpeleke hospitali.