Ahadi ya Ngorongoro: Funzo la Kihistoria

Mwaka 1958 majina ya wazee 12 wa Kimaasai yaliwekwa kwenye hati ya Kiingereza ya kuiacha Serengeti ya Magharibi. Mwaka uliofuata Gavana Turnbull aliliahidi baraza lao kwamba huko Ngorongoro, masilahi ya wanyamapori yakigongana na ya wakazi, ya wakazi yatatangulia. Hata hivyo, mwaka 1974 wakazi waliondolewa ndani ya kreta, na mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku.

Twajifunza nini? Hati isiyo katika lugha ya mwenyeji na ahadi ya mdomo isiyomfunga mtawala ajaye havifanyi agano. Palipo na mali ya umma, mwenyeji asikilizwe kabla ya uamuzi, na jibu lake liandikwe asomavyo yeye.