Mbwa wa kwetu aliyeitwa mshenzi

Wenzangu, kuna mbwa wa asili ya Kongo ambaye Ulaya na Marekani watu wanamlipia pesa nyingi, na hapa kambini mwenye sura kama yake tunamrushia mawe. Masikio wima, mkia umejikunja mgongoni, paji la uso lina mikunjo kama mzee anayefikiria deni. Habweki. Basi eti ni mbwa wa wachawi. Wengine wanasema ni mgonjwa, wengine mjinga.

Jina lake ni basenji. Sisi tunaosema Lingala hatuhitaji kuelezwa: ni ndugu wa neno la Kiswahili "washenzi", ambalo watu wa pwani na wa misafara walikuwa wanawaita watu wa bara. Yaani mbwa alipewa tusi la wenye mbwa. Mimi jina hilo silipendi, lakini ndilo limeandikwa kwenye vitabu dunia nzima.

Kazi yake kwao ni kuwinda. Kule Ituri Wambuti walimtumia kufukuza wanyama mpaka kwenye nyavu. Wazande nao walikuwa naye. Kwa kuwa habweki, alifungwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji ajue yuko wapi porini. Sauti anayo, usidanganyike: akifurahi anatoa sauti ya kupanda na kushuka kama mtu anayeimba, na akiumia analia. Ila koo lake limeumbwa tofauti kidogo. Halafu hasubiri kuamriwa kila hatua, kwa sababu porini anayesubiri amri anakosa nyama. Mtu wa mjini anaita hiyo ujinga!

Mwaka 1895 walionyeshwa Crufts, yale maonyesho makubwa ya mbwa yaliyokuwa yakifanyika London wakati ule. Wakafa kwa distempa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting akatoa sita Sudan, wakafika Uingereza, wakachanjwa, na wote wakafa. Chanjo ya distempa wakati ule ilikuwa bado haijakaa sawa. Ni mpaka 1937 ndipo Olivia Burn akawaonyesha Crufts, na safari hii wakaendelea. Marekani wakamwandikisha rasmi 1943.

Lakini wote walitoka kwa wazazi wachache sana. Ndugu wakazaa na ndugu, ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi ukaenea: sukari inatoka kwenye mkojo, mbwa anakunywa maji hashibi. Wafugaji wa Marekani wakafanya nini? Wakarudi Zaire, 1987 na 1988, kutafuta mbwa wa vijijini wa damu mpya. Mwaka 1990 daftari la ukoo likafunguliwa kwa ajili yao. Mbwa wale wale tuliokuwa tunawafukuza jikoni.

Sasa hapa kambini. Jike wa basenji anapata joto mara moja tu kwa mwaka, wakati mbwa wengi wengine ni mara mbili, kwa hiyo kumlinda asizae ovyo si kazi ya kukushinda. Kinachoniumiza kichwa ni mawe. Ili kichaa cha mbwa kisienee, inatakiwa kama mbwa 70 kati ya 100 wawe wamechanjwa. Mbwa aliyezoea mawe hakamatiki siku ya chanjo, na ukimbana kwenye kona anauma. Kwani tunajikinga au tunajitega? Mwenye mbwa amzoeze kamba na kushikwa toka akiwa mdogo, ampe maji, na kadi ya chanjo aitunze pamoja na kadi ya mgao.

Mtoto akiumwa, osha kidonda na maji na sabuni dakika 15, halafu nenda kliniki siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Usingoje kuona mbwa atakuwaje, maana dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona.

Mwenye babu kutoka Ituri au Uele anayejua zile kengele zilichongwa kwa mti gani, aandike hapa chini. Wazee wawili niliowauliza walibishana mpaka chai ikapoa.