Mikanda, Flashi na Ving'amuzi: Jinsi Mwanza Ilivyojirushia Televisheni Yenyewe

Muulize kijana yeyote wa Kirumba ni nani alianzisha mchezo wa kuchukua vipindi vya televisheni bila kumwomba mwenyewe, atakujibu intaneti. Hapana, bwana. Intaneti ilikuta kazi imeshaanza zamani, na hapa kwetu ilianza kabla hata televisheni yenyewe haijafika.

Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Sisi wa bara tukakaa miaka mingine 21 tunasikiliza redio. Mwalimu Nyerere aliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi maskini, na tusimcheke, maana wenye umeme walikuwa wangapi? Sheria ya utangazaji ikapita 1993, na mwaka uliofuata vituo vya watu binafsi kama ITV vikaanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Dar ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa.

Lakini katika kusubiri huko watu hawakukaa wakitazama ukuta. Deki zilikuwepo, na mikanda ya video iliyonakiliwa juu ya nakala nyingine ilipita mkono kwa mkono mpaka picha ikawa kama mvua inanyesha. Mtu akiwa na deki, runinga moja na mabenchi, basi huyo tayari ana kituo chake. Nje kuna ubao wa chaki: saa nane Rambo, saa kumi ngumi za Wachina. Unatoa kiingilio, unabanana. Ndiyo maana wengine waliviita vibanda umiza.

Msomaji, usidharau kibanda. Mwenye kibanda alijua kitu ambacho wenye vituo walichelewa sana kukijua, kwamba mteja wake hasikii Kiingereza. Huko Dar, Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijipatia jina kwa kuzitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, sauti yake ikipanda juu ya sauti za waigizaji. Hakutafsiri tu, aliongeza chumvi, akawapa majambazi majina ya kwetu, akaeleza kwa nini yule mama analia. Ng'ambo ya ziwa, Kampala, jamaa wanaofanya kazi hiyohiyo kwa Kiganda wanaitwa maviijei, huku kwetu tukawaita madijei. Kwangu mimi hao ni watunzi. Nimejifunza kusimulia kwao kuliko kwa kitabu chochote cha shule.

Hata Star TV ya hapa Mwanza ilipoanza kurusha kutoka Ilemela, tukajivunia kuwa na kituo kisichotoka Dar, kibanda hakikufa. Sababu moja inasahauliwa: umeme. Kituo kina ratiba, na ratiba haijui mgawo. Mwaka 2006, na tena 2011, mgawo ulitubana kwelikweli. Tamthilia ni saa tatu usiku, umeme unarudi saa tano, imekwenda hiyo. Mkanda unakungoja.

Ndipo zikaja sizoni. Prison Break ilianza kuonyeshwa Marekani 2005, na haikupita muda mrefu vijana wa Mabatini wakawa wanaitana Scofield. Wengi wao hawakuiona kwenye kituo chochote. Waliiona kwenye zile diski za bei poa zilizobanwa vipindi vingi ndani ya diski moja, maandishi ya chini yakiwa Kiingereza cha kuchekesha.

Wakati huo teknolojia ya kupakua ilikuwepo. Mmarekani Bram Cohen alitoa programu ya BitTorrent mwaka 2001. Ujanja wake ni kulikata faili vipandevipande, ili kila anayepokea awe anagawa vipande alivyokwisha kupata. Watazamaji wakiwa wengi, mzigo unakwenda haraka zaidi. Lakini kwetu mtandao ulikuwa wa setilaiti, ghali na wa kinyonga. Mkongo wa baharini wa Seacom ulipofika Dar mwaka 2009, mambo yakaanza kubadilika. Hata hivyo si kila mtu alipakua. Alipakua mmoja, usiku, bando likiwa rahisi. Asubuhi anafungua duka lake Makoroboi au Buzuruga, wewe unafika na flashi, unatoa jero, unajaziwa. Flashi hiyo inapanda meli kwenda Nansio, na kutoka Nansio inaingia kwenye mitumbwi hadi kambi za wavuvi, ambako jenereta ikiwashwa jioni kijiji kizima kinakusanyika. Hakuna mnara wa televisheni uliowahi kuvifikia visiwa vya Ukerewe kwa uhodari huo.

Kwa hiyo watu walikuwa wanalipa. Hili ndilo wakubwa wa vituo hawakuliona. Walilipa kidogo kidogo, lakini walilipa kila siku, ili wapate kipindi kwa saa yao na kwa lugha yao.

Aliyesoma mchezo mapema ni Azam, aliyeingia sokoni mwishoni mwa 2013, mwaka uleule Mwanza ilipozimiwa mitambo ya analojia tukalazimika kununua ving'amuzi. Azam alichukua tamthilia ya Kituruki, akaiita Sultan, akaitia sauti za Kiswahili. Ni kazi ya Lufufu ileile, safari hii kwa mkataba na studio. DStv nao wakaleta Maisha Magic Bongo, chaneli ya Kiswahili. Netflix ilifunguliwa kwetu Januari 2016, lakini ilitaka kadi ya benki na bando nene. Mvuvi wa Igombe hana habari nayo. Halafu Agosti 2018 TCRA ikazuia ving'amuzi vya kulipia kuonyesha chaneli za bure ambazo leseni zao haziziruhusu. Familia iliyokuwa na king'amuzi kimoja ikaambiwa inunue cha pili.

Sasa tuzungumze sisi tunaoandika. Duka la flashi halibagui: kazi ya Hollywood na muvi ya mtoto wa Nyakato vinakaa folda moja, bei moja, na mtunzi hapati kitu. Mmarekani ana soko jingine. Huyu wa Nyakato hana. Na hata zamani msambazaji wa Kariakoo alizoea kununua filamu kwa mkupuo, haki zote, kwaheri. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ipo, COSOTA ipo, na misako imefanyika, lakini duka likifungwa Jumatatu, Alhamisi liko mtaa wa pili.

Mwaka 2023 Serikali ilijaribu njia nyingine: tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodia na kunakilia. TRA inakusanya, na sehemu inatakiwa iwafikie wenye kazi. Hiyo ina akili, kwa sababu inamfuata mnakili mahali alipo badala ya kumkimbiza. Ila kazi isiyosajiliwa haina mgawo, na washkaji wengi ninaowajua wana miswada mitatu minne chini ya kitanda na hakuna hata mmoja aliyewahi kujaza fomu ya COSOTA.