Nani anapiga hema?

Baridi imeondoka, na mbu wa Minnesota wamerudi kwa nguvu zote.

Leo najibu maswali mawili kwa mpigo. La kwanza ni la mama mdogo, aliyeona picha ya wajukuu zake wamelala kwenye hema porini, akauliza kama tumefukuzwa kwenye nyumba. La pili ni la mdogo wangu wa Arusha. Ana Land Cruiser, anataka kuikodisha kwa wageni wanaopenda kujiendesha wenyewe, na anataka kujua ni hema gani la kusimama haraka linalofaa gari la 4x4.

Mama mdogo, hatujafukuzwa. Mimi nafanya zamu tatu za saa 12, halafu napata siku kadhaa za mapumziko. Watu wa huku wakipata siku kama hizo wanaelekea kaskazini. Ukiendesha saa chache kutoka Maplewood unafika kwenye msitu mkubwa wa serikali unaoitwa Superior, wenye barabara za vumbi kama za kwetu, na sehemu nyingi unaruhusiwa kulala bila kulipa. Tatizo ni kwamba ninaanza safari baada ya kulala usingizi wa mchana, kwa hiyo nafika jua linazama. Hapo niko na watoto wawili wenye njaa, mbu wanatushambulia, na mikono ya kufanya kazi ni miwili tu, yangu. Ndiyo maana swali la hema la haraka nalijua vizuri.

Ila nilipokaa kumjibu mdogo wangu nikaona bei na uzito havitoshi. Hema lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni yetu sisi.

Tuanze na misafara ya karne ya 19, ile ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe, vitambaa na shanga, mzigo wa kilo 30 na zaidi kwa mtu mmoja. Hema la mkubwa wa msafara nalo lilikuwa mzigo wa mtu. Msafara ukifika kambini, hema lile zito la turubai lilisimama upesi kwa sababu watu walikuwa wengi: huyu anashika nguzo, yule anavuta kamba, mwingine anagonga vigingi. Wapagazi wenyewe walijijengea vibanda vya majani au walilala kando ya moto. Wengine walikuwa na vihema vya merikani. Mnakumbuka bibi alivyokuwa akiliita lile shuka jeupe zito? Merikani ni Marekani hiyo hiyo ninayoishi. Pamba iliyofumwa huku ilikuwa ikishushwa Unguja kwa wingi, hasa baada ya Sayyid Said kutiliana mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833.

Sasa njooni mlimani kwetu. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, na majina yao yameandikwa kila mahali. Lakini nyuma yao, kwenye kambi iliyokuwa zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, alibaki Mwini Amani, mtu wa Pangani, mtu wa joto la pwani, akitunza kambi kwenye ile baridi mnayoijua. Bila yeye wale wawili wasingekuwa na mahali pa kurudi kulala.

Na hadi leo, nani anapiga hema Kilimanjaro? Ni wagumu. Mgeni anaondoka kambini asubuhi na chupa yake ya maji. Mgumu anabaki kukunja hema, analibeba, anampita mgeni njiani, na mgeni akifika anakuta hema limesimama na chai inachemka. Kanuni ya hifadhi ni mzigo usizidi kilo 20. Wageni wakirudi kwao wanasema kambi za Kilimanjaro ni rahisi sana, na wanasema kweli. Kwao ni rahisi.

Lipo jina jingine mnalolitaja kila wiki. Kariakoo. Watu wanaenda kununua vitambaa, viatu na hayo maturubai yenyewe, bila kukumbuka kwamba jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Nairobi nako wana Kariokor yao, jina lile lile. Katika vita vile vya Afrika Mashariki, vya 1914 hadi 1918, Waingereza peke yao walitumia wapagazi karibu milioni moja, na idadi ya waliokufa inakadiriwa kufikia 100,000 hivi. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, nimonia na malaria, kwa njaa, kwa kulala kwenye mvua na matope. Mimi kama muuguzi nikisoma orodha ya magonjwa yale naona watu waliokosa maji safi, chakula na mahali pakavu pa kulala. Watu waliobeba mahema ya wengine kwa maelfu ya maili walikosa la kwao.

Msidhani mambo haya ni ya kwetu tu. Hapa ninapoishi ni ardhi ya Wadakota, na lile neno tipi, hema lao la ngozi lenye umbo la pia, ni la lugha yao. Kwa watu wa nyanda za huku tipi ilikuwa mali ya mwanamke, na wanawake ndio walioisimamisha na kuishusha. Wanawake wawili wenye uzoefu waliimaliza kwa muda mfupi sana, miti mirefu kwanza, kisha ngozi za nyati juu yake. Jeshi la Marekani lilipotaka hema zuri, ofisa mmoja, Henry Hopkins Sibley, aliiga umbo hilo na kusajili hema lake mwaka 1856: nguzo moja katikati, askari 12 ndani.

Sibley mwingine, Henry Hastings Sibley, ndiye aliyekuwa gavana wa kwanza wa jimbo hili, na ndiye aliyeongoza jeshi katika vita na Wadakota mwaka 1862. Baada ya vita, Wadakota karibu 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walizuiliwa majira yote ya baridi kwenye kambi ya tipi chini ya ngome ya Fort Snelling. Makadirio ya waliokufa, surua ikiwa moja ya sababu, ni kati ya 130 na 300. Ngome hiyo iko jirani kabisa na uwanja wa ndege mnaoshukia mkija kunitembelea.

Basi hema lile lile linaweza kuwa mapumziko kwa mmoja na kifungo kwa mwingine. Inategemea nani kaamua ulale humo.

Hii starehe ya kulala porini kwa hiari ilikuaje? Theodore Roosevelt alipomaliza urais mwaka 1909 alikuja Afrika Mashariki kuwinda, akiwa na wapagazi zaidi ya 200, na mahema yao yalijaa uwanda kama kijiji. Miaka michache baadaye Henry Ford, Thomas Edison na Harvey Firestone wakaanza safari zao za kambi kwa magari, wakipigwa picha wamekaa mbele ya mahema. Kwenye picha nyingi hamwaoni wapishi, madereva na wasaidizi waliokwenda nao. Ni hadithi ile ile, ila mzigo umehamia kwenye gari.

Mabadiliko ya kweli yaliletwa na watu wasio na wasaidizi. Fundi au mwalimu wa shule aliyenunua Ford Model T hakuwa na mtu wa kumshikia nguzo, kwa hiyo alifunga turubai ubavuni mwa gari na gari likawa nguzo. Mwaka 1919 wasafiri wa aina hiyo walianzisha chama chao huko Tampa, Florida. Mwaka 1955 Bill Moss, msanii aliyekuwa akichora kwenye jarida la kampuni ya Ford, alitengeneza hema la fito zinazopinda, linalojikunjua lenyewe. Miaka hiyo hiyo ya 1950 Waitalia wakaanza kuweka mahema juu ya paa la gari. Huko Ujerumani Mashariki watu waliyafunga hata juu ya Trabant, kigari kidogo kuliko Bajaji mbili. Waaustralia wakaja na hema la turubai ambalo fremu yake inafunguka kama mwavuli, na mwaka 2005 Wafaransa wa Decathlon wakaleta lile la kurusha hewani, wakaliita la sekunde mbili.

Mnaona kilichotokea? Haraka ya zamani ilitoka kwenye mikono mingi. Haraka ya sasa inatoka kwenye springi, kwa sababu mikono haipo. Hema la haraka ni hema la mtu aliye peke yake.

Hema lililosimama haraka kuliko yote niliyowahi kuyaona halikuwa na springi hata moja. Ni turubai la msiba kwetu. Habari inafika alfajiri, na kabla ya chai vijana wa mtaa wameshachimba mashimo, wamesimamisha nguzo na kupanga viti, na hakuna aliyemwambia mwenzake ashike wapi. Huku hakuna wa kunishikia kamba, kwa hiyo nalipia springi.

Haya, mdogo wangu, sasa ushauri wako. Hesabu mikono kwanza, ndipo uhesabu dakika.

Lile la kurusha linasimama kabla hujamaliza kupiga chafya, lakini kulikunja kunataka mazoezi, na likikunjwa ni sahani kubwa inayosumbua kwenye buti. Kwa upepo wa Ngorongoro silipendi.

Lenye miguu ya kuvuta kama ya kamera ndilo ninalotumia mimi. Nalisimamisha peke yangu kwa dakika tatu hivi. Ubaya wake ni zile jointi za plastiki. Ikivunjika moja ukiwa Loliondo, fundi hana spea. Nguzo ya kawaida ya chuma fundi yeyote wa Arusha anaweza kukuchongea nyingine.

Lile la Waaustralia ni imara, turubai lake zuri, ila likikunjwa lina urefu wa karibu mita mbili, kwa hiyo linakaa kwenye keria juu ya gari. Kwa wageni wako wanaojiendesha wawili wawili naona hilo linafaa, maana wakilisimamisha, gari linabaki huru kwenda kutazama wanyama.

Hema la juu ya paa linapendeza kwenye picha na unalala mbali na nyoka. Lakini lina kilo 50 hadi 80, na uzito huo ukiwa juu gari linayumba kwenye kona. Soma kitabu cha gari uone paa linabeba kiasi gani gari likitembea. Kila unapotaka kuondoka lazima ulikunje. Na niseme kama muuguzi: ngazi, giza, na mtu wa miaka 65 anayeamka usiku kwenda msalani si mchanganyiko mzuri. Usimkodishie mzee.

Kuhusu maji, uliza kitambaa kimepakwa nini. Makao makuu ya 3M yako hapa hapa Maplewood, na Scotchgard yao, iliyoingia sokoni mwaka 1956, ndiyo iliyofanya watu wengi wazoee vitambaa visivyoshika maji. Baadaye ikajulikana kwamba kemikali za jamii ile, PFAS, haziozi, na zilipatikana kwenye maji ya ardhini ya vitongoji vya mashariki mwa Saint Paul. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulilipa jimbo dola milioni 850. Sheria ya jimbo ya 2023 ilianza tarehe 1 Januari 2025 kuzuia kemikali hizo kwenye aina 11 za bidhaa, zikiwemo dawa za kukinga vitambaa. Siku hizi yapo mahema yaliyoandikwa hayana PFAS. Chagua hayo.

Na usidanganyike na sekunde za matangazo. Hawahesabu vigingi. Tarehe 4 Julai 1999 dhoruba iliangusha miti mamilioni huko kaskazini tunakolala sisi, watu wakiwa kambini. Hema lolote, hata la sekunde mbili, lifunge kamba zote, na kabla ya kulisimamisha tazama juu kama kuna tawi lililokauka.

La mwisho. Biashara ikikua utaajiri vijana wa kupiga mahema. Mlipe mtu siku yake kamili, na mpe hema la kulala lisilovuja, zuri kama la mgeni. Hilo likushinde, basi hiyo biashara haijafika wakati wake.

Mama mdogo, watoto wanakusalimu. Wanasema ukija tutakulaza kwenye hema. Mimi nimewaambia utalala kitandani kwangu.

Wasalaam kutoka Maplewood.