Saini ya Miaka Mitano

Wanafunzi wa kwanza wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam hawakufika hata 20. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, walianza masomo ya sheria katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, wakisomea shahada ya Chuo Kikuu cha London. Miongoni mwao alikuwamo Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Nchi iliwahitaji mno watu kama hao. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba tulijitawala tukiwa na madaktari 12 na wahandisi 2.

Kwa hiyo serikali ilipomlipia mwanafunzi masomo, ilimwekea na sharti. Aliyepokea ufadhili alitia saini kwamba akihitimu ataitumikia serikali miaka 5, popote atakapopangiwa. Mwaka 1964 Mwalimu alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki, apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akishiba asirudi, amewasaliti.

Si wote waliolipokea fundisho hilo. Serikali ilipoamua kwamba wahitimu waende Jeshi la Kujenga Taifa miaka 2, muda wa kwanza kambini na uliobaki kazini kwa asilimia 40 ya mshahara, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu tarehe 22 Oktoba 1966. Mwalimu aliwarudisha makwao kwa mamia. Siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kwangu mimi hilo la pili ndilo lililoupa uamuzi wake haki: kiongozi alidai dhabihu akiwa ameanza na mfuko wake.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Kijana hakutoka tena kidato cha sita moja kwa moja hadi chuoni. Mimi ni wa kizazi hicho. Nilipita Jeshi la Kujenga Taifa, nikafanya kazi ya ukarani, na nilipoomba chuo nilihitaji barua ya mwajiri na ya tawi la chama. Chuoni Mlimani nililipiwa ada, chumba, chakula na posho ya vitabu. Nami nilitia saini.

Nilipohitimu nilipangiwa Sumbawanga, ofisi ya mipango ya wilaya. Nilipanda treni ya TAZARA hadi Tunduma, kutoka hapo nikadandia lori la mizigo. Huko nilijifunza mambo ambayo hakuna mhadhiri aliyenifundisha: kuandaa bajeti ya wilaya isiyo na mafuta ya gari, kukaa katika mkutano wa kijiji mpaka mzee wa mwisho aseme lake, kumweleza mama aliyetembea tangu alfajiri kwa nini zahanati haina dawa. Miaka mitano ilipokwisha, hakuna aliyenilazimisha kubaki. Nilibaki.

Mfumo huo wa ufadhili wenye sharti ulififia uchumi ulipodorora. Uchangiaji wa gharama ukaingia miaka ya 1990. Bunge likatunga sheria ya Bodi ya Mikopo mwaka 2004, na Bodi ikaanza kazi Julai 2005. Mikopo imefungua milango ya vyuo kwa vijana wengi kuliko zamani, na hilo ni jema kubwa. Lakini mkopo unadai fedha peke yake. Mwaka 2016 makato yalipandishwa hadi asilimia 15 ya mshahara wa mhitimu, na anayelipa hivyo haulizwi amemtumikia nani.

Wenzetu wa Marekani, kwa sheria ya mwaka 1975, waliunda ufadhili wa shahada za juu kwa jina la Rais Harry Truman, mtu ambaye hakuwahi kuwa na shahada ya chuo. Mnufaika hutakiwa kufanya kazi ya umma miaka 3 ndani ya miaka 7 baada ya masomo. Wanafanya leo jambo tulilolifanya sisi.

Tulirudishe. Nawaomba wabunge watenge fungu la ufadhili wa uzamili kwa vijana watakaotia saini ya kuhudumu katika halmashauri za pembezoni. Pesa hiyo inatoka kwa mkulima wa Kalambo na mvuvi wa Kilwa. Wana haki ya kumwona afisa aliyesomeshwa kwa jasho lao akiwa mezani, wilayani kwao.